Wamevaa Majoho Yangu Ndani Nje

Mpendwa Shangazi mshauri,

Natanguliza salamu katika jina la Bwana, na baada ya salamu naomba msaada wako kabla sijaharibu nguo za watu, maana ninavyokuandikia majoho manne meusi yako juu ya meza yangu ya kukatia, na mkasi uko juu ya majoho.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na kwa miaka mingi nimeshona majoho ya kwaya ya kanisa letu, na ninao utaratibu wangu ambao sikufundishwa na mtu, kwamba nikifika kwenye pindo nashona kimsalaba kidogo cha uzi mweupe upande wa ndani, pasipoonekana, na wakati nakishona namwombea atakayelivaa, na kwa kuwa mara nyingi simjui, namwombea kwa vipimo vyake, nasema Bwana mlinde huyu mwenye mabega mapana, mfariji huyu mwenye kiuno chembamba, nikimaliza nakata uzi nasema amina.

Sasa mwezi uliopita binti yangu, ambaye mchana anauza kwenye duka la dawa na zamani aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya kabla hajaacha, aliniletea kitambaa cheusi na vipimo vya wasichana wanne, yeye akiwa mmojawapo, akasema, "Mama, tushonee majoho, tuna kikundi chetu cha kuimba," na mimi kusikia kuimba tu nikafurahi, nikadhani amerudi kundini, nikashona kwa moyo mmoja, nikaweka misalaba yangu na maombi yake.

Shangazi, Alhamisi mwenyekiti wa akina mama kanisani aliingia kwangu bila hodi akanisogezea simu usoni. Ilikuwa picha ya jalada la albamu. Wasichana wanne wamepaka nyuso rangi nyeupe na macho meusi kama masizi ya sufuria, mmoja kashika gitaa kama shoka, na wamevaa majoho ndani nje, mishono yote imetokeza, nyuzi zinaning'inia, na misalaba yangu iko pale kwenye pindo mbele ya macho ya watu.

"Fundi, hii kazi ya nani?"

"Mafundi ni wengi," nikasema.

"Ni wengi, ila mimi ninalo joho lenye mabega yaliyokunjwa hivi hivi, na ulinishonea wewe. Na huyu wa katikati, hata akijipaka unga, si mtoto wako?"

Muziki wenyewe unaitwa hevi metali, akaufungulia pale pale, gitaa linalia kama bati linaloburutwa sakafuni, na sauti ya binti yangu niliyemlea kwa nyimbo za kanisani inanguruma kama ya mtu anayekabwa, sikuambulia neno isipokuwa "mama", linarudiwa na kurudiwa, halafu ngurumo. Ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Kumbe ndiyo maana anafunga mlango akiongea na simu. Kumbe ndiyo maana wenzake wakija wananyamaza nikiingia na maji ya kunywa. Mpiga ngoma wao, mmoja wa wasichana hao wanne, wanamwita Nyundo, anafanya kazi gereji, ana mikono kama ya mjomba wangu mwashi, na kila akiniona anapiga goti, "Shikamoo mama," heshima zote, na heshima hiyo ndiyo inayonitia shaka zaidi, maana mtu asiye na jambo hapigi goti mpaka chini.

Nikamuuliza binti yangu, "Mnakoroma nini humo?"

"Hatukoromi, mama. Ndio uimbaji wake."

"Basi baba yako ni msanii siku nyingi, na hatukujua."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikamuuliza kwa nini wamegeuza majoho, akasema, "Sikiliza albamu, mama," akashika mkoba wake akaenda kazini. Hivi mtu mwenye moyo safi ndivyo anavyojibu?

Baba yake hanisaidii. Yeye yuko kwenye mashine ya kusaga nafaka, kwa hiyo muziki ule kwake ni kama yuko kazini. Jana nimemkuta anausikiliza huku anatikisa mguu.

Uzinduzi wa hiyo albamu ni Jumamosi, na binti ameniletea majoho yote, kwapa zimefumuka kwa kurusha mikono, anaomba niyatengeneze. Mwenyekiti anasema nisitie hata uzi, niyapeleke yateketezwe kwa maombi, la sivyo nisahau kushonea kwaya. Binti naye kasema nikiyaharibu anahamia kwa Nyundo. Nahisi wamedhihaki maombi yangu, na huyo "mama" anayengurumiwa mle ni mimi. Shangazi, nikate au nishone?

Ni mimi fundi, mama mwenye mashaka.

*Shangazi anajibu:*

Mama fundi, kwanza weka mkasi kwenye droo. Umeshaweka? Haya, endelea kusoma. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu nguo ikishakatwa haina ushauri.

Pole. Kitu ulichokuwa ukikifanya wewe na Mungu wako tu, kukikuta kwenye jalada la albamu si jambo dogo. Hao mabinti walipaswa kukuomba ruhusa, na wakisoma hapa wajue nawasema wao pia.

Lakini wewe nawe. Unamhukumu mtu kwa kupiga goti. Asingekusalimu ungesema hana adabu, amekusalimu unasema ana jambo. Huyo Nyundo afanye nini, apitie dirishani? Na uliambiwa sikiliza, hukusikiliza, ukakimbilia kuniandikia mimi.

Basi nimesikiliza kwa niaba yako. Albamu nzima, maana imeshasambaa kwenye simu, tena na tena, mpaka kichwa kikaniuma nikaenda kununua dawa, labda kaniuzia binti yako. Mwanzoni niliambulia kelele tu. Baadaye maneno yakaanza kutokeza. Shetani sikumkuta. Nimekuta wimbo wa msichana wa gereji ambaye wateja hawaamini kwamba fundi ni yeye, na nimekuta huo wa "mama". Umekisia sawa, ni wewe. Unamhusu mwanamke aliyeinama juu ya cherehani mpaka mgongo ukapinda, watu wanavaa wanasifiwa kwa upande wa nje, na upande wa ndani wenye kazi yote hakuna anayeutazama. Sasa itazame tena ile picha, na safari hii itazame kama fundi.

Ila sitakudanganya, si sifa tupu. Mwishoni ngurumo inakoma, na binti yako anaimba taratibu kwa ile sauti yake ya kwaya: "Unakijua kiuno changu, mama, hujui kinachoniliza. Unamwombea mwenye mabega, mwenye mabega yuko hapa." Hapo nilizima, nikachukua kalamu nikuandikie. Kuna maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia mama yake bila kujipaka rangi usoni kwanza.

Kwa hiyo shona. Mwenyekiti mwambie hizo ni nguo za wateja, na fundi hachomi nguo za wateja. Akitaka kuziombea, kiti kipo, akae aombe huku wewe unashona. Akikunyima kazi ya kwaya itakuuma, najua, na hilo utalibeba.

Binti akija kulijaribu lake, mpime kama kawaida, halafu muulize swali moja: nini kinakuliza? Ukishauliza, nyamaza. Usimjibie. Usimwombee papo hapo. Neno kwaya lisikutoke. Ukiona huwezi, jaza pini mdomoni kama mnavyofanya mafundi, uzitoe akishamaliza yeye.

Na kwapa za Nyundo zitie kipande cha ziada. Nimemsikia, yule anapiga.