Nywele Moja, Vichwa Viwili

Hema la Wasanii,
Nyuma ya Jukwaa Kubwa.
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Waendeleaje huko kwenye baridi? Goti lako limekubali dawa, au bado linakuamsha alfajiri? Na Mzee wako, bado anavaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba? Mama anakusalimu sana. Amebaki nyumbani na wadogo kwa sababu mguu wake haujapona vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa shingo yangu, na habari ya shingo yangu ndiyo barua yenyewe.

Unisamehe mwandiko. Naandika nimelalia ubavu, kichwa nimekiinamisha kulia, maana Dada amepitiwa na usingizi na mimi siwezi kwenda popote bila yeye. Sisemi mafumbo, Shangazi. Nywele zangu na nywele za Dada zimesukwa pamoja zikawa kamba moja, huku kichwa changu, kule kichwa chake. Tuko hivi tangu jana asubuhi.

Unamjua kaka yako. Akipata wazo hakai nalo, hulitangaza kwanza. Mwaka huu bendi yetu imealikwa kwenye tamasha la siku tatu, na Baba akaona kuimba tu hakutoshi, watu wanataka na cha kutazama. Wanawe wawili wana nywele za kufika kiunoni, basi kwa nini zisiwe nywele moja? Akachapisha mabango kabla hajatuuliza. Sisi habari tuliisoma ukutani, na wapita njia.

Aliyetusuka ni msusi wetu wa siku zote, Mama Sindano, yule anayeshona nywele kama anashona godoro. Safari hii alitumia uzi wa washona viatu, ule wa nta, ili jasho na vumbi visilegeze kitu. Kufumua, anasema, ni kazi ya kutwa nzima. Makubaliano yalikuwa onyesho la Ijumaa peke yake. Lakini tulipotoka watu walipiga kelele mpaka waandaaji wakaja mbio hemani, na Baba akawakubalia tubaki hivi hadi onyesho la mwisho, kesho jioni. Sisi hatukuulizwa. Alikuja kutupongeza.

Mtangazaji naye amepata la kusema. Kila tukipanda anauliza umati, akili ni nywele, kila mtu ana zake, sasa hawa wana akili ngapi? Watu wanacheka. Mara ya kwanza hata mimi nilicheka.

Sasa sikiliza kinachonikaba. Jumatatu asubuhi natakiwa kuripoti chuoni. Nimepata nafasi ya kusomea kutengeneza meno ya bandia, kazi ya mikono, ya kukaa mezani kimya bila mtu kukutazama. Usicheke, nimeitamani muda mrefu. Asiyefika siku hiyo nafasi yake hupewa mwingine, na basi pekee litakalonifikisha kwa wakati linaondoka kesho mchana. Baba anajua tangu mwezi uliopita. Kila nikimkumbusha ananijibu, "Maliza tamasha kwanza, mwanangu. Meno ya bandia hayaozi." Ni kweli hayaozi, ila nafasi inaoza.

Jana baada ya onyesho nikamwambia kama hatutafumuliwa nitakata. Alicheka, akanipapasa bega, kisha akazunguka hema zima akikusanya mikasi yote. Alichukua hata kile kimkasi mpiga ngoma anachopunguzia ndevu, na kisu cha jikoni pia. Leo asubuhi mkate tumeumega kwa mikono.

Hata hayo ningeyavumilia kama Dada angekuwa ananisemesha. Siku nilipomweleza habari ya chuo alisema "Hongera," na tangu hapo hajanifungulia kinywa nje ya kuimba. Jukwaani tunatazamana machoni, sauti zinashikana, mpaka mabibi wa mstari wa mbele wanafuta machozi. Tukishuka tu, kimya. Hebu fikiria kununiwa na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, ambaye hata ukienda msalani sharti muende naye.

Na hapa penyewe ni mahali pa nguzo na kamba. Hema lina nguzo, spika zina nguzo, taa zina nguzo. Watu waliofungwa kichwa kwa kichwa wanatakiwa kupita nguzo upande mmoja, na hilo lataka kusemezana. Sisi tunasemezana kwa kuvutana. Mimi nikivutwa napiga yowe hadi wapishi wanatoka nje. Yeye hata kope haipepesi. Nimeshaona watu wenye kiburi, Shangazi, lakini kiburi cha kukataa hata kusema "aah" sijawahi.

Nisisahau ulichoniuliza kwenye barua yako, jinsi binamu yangu atakavyozitunza nywele zake akienda kwenye tamasha la huko kwenu. Mwambie azioshe siku mbili kabla, zikauke kabisa, asisuke zikiwa na maji maana zitavunda. Ncha azipake mafuta na kuzikunja ndani, hizo ndizo zinazokatika mwanzo. Asiache nywele wazi kwenye vumbi eti apendeze kwenye picha, jioni atazichana kwa machozi. Kilemba chake akitie kitambaa cha satini kwa ndani, na alale nacho. Sisi kamba yetu tukiwa nje ya jukwaa tunaivisha mguu wa suruali ya pijama ya Mama, ya satini. Kwa hiyo nywele zetu zinavaa suruali.

La muhimu kuliko yote, asikubali kukazwa kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio. Watu husema ukitaka uzuri sharti udhurike, lakini nywele za pale zikidhurika mara nyingi hazirudi. Akitoka kwa msusi hawezi kufumba macho vizuri, arudi akafumuliwe.

Dada amegeuka, nami imenibidi nigeuke. Naiweka kalamu, maana upande huu hauandikiki.

Bwenini, chumba cha juu.
Jumanne.

Shangazi, karatasi ni ile ile, kalamu nyingine, na shingo imenyooka. Umeshaona hapo juu nilipo, kwa hiyo unajua nimefika. Nilivyofika ndiyo sijui niieleze vipi.

Jumapili niliamka na begi langu likiwa tayari chini ya kitanda. Mama Sindano alipokuja kutupaka mafuta nilimshika mkono, nikamwomba anifumue, hata nusu tu, nusu nyingine nitajua mwenyewe njiani. Alimtazama Dada, akatazama chini, akasema hawezi kugusa kitu bila Dada kumruhusu. Nikasema moyoni, haya, na huyu naye yuko upande wao. Nililia kwa sauti, na aibu sikuwa nayo tena. Dada alikuwa kando yangu anatazama mlango wa hema.

Baba akaingia na mpiga ngoma na mama mmoja wa waandaaji. Nikamwambia, "Baba, basi linaondoka mchana huu." Hakunifokea. Alichuchumaa mbele yangu akasema, "Mwanangu, hata tukianza sasa hivi tutamaliza giza limeingia. Nikikata, jioni nitawaambia nini watu walionilipia jukwaa? Wewe mwenyewe niambie, nifanyeje?" Kilichoniua ni kwamba alikuwa anasema kweli. Angenifokea ningepata pa kushika. Nilijiona nimekwisha, nikawaza nitazeeka hivi hivi, mzee mwenye mzee mwenzake kichwani.

Hapo Dada akasema, "Chiriku, nishikie kioo."

Ni jina ulilonipa wewe, na sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa muda. Nikashika kioo. Alifungua kilemba, akaingiza vidole nyuma ya masikio, akaanza kufungua vibanio kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama mtu anayevua hereni. Kisha akazivua nywele zake. Zote, Shangazi. Zilitoka na kofia ya wavu, akaziweka mapajani mwangu.

Paji lake la uso limepanda hadi utosini, laini kama kiganja. Pembeni mwa masikio hakuna kitu. Zilizobaki ni vishungi vidogo vya katikati, vimesukwa ili wigi lipate pa kushika. Nimelala chumba kimoja na dada yangu maisha yangu yote na sikujua. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wangu alikuwa ananyonyoka pembeni yangu, na mimi nilikuwa nahesabu kiburi chake.

Mama Sindano akaanza kulia, ndipo tukaelezwa. Nywele za wigi ni za Dada mwenyewe. Zilivyokuwa zinang'oka yeye alikuwa anaziokota, Mama Sindano anazishonea kwenye wavu kwa siri, na aliapishwa asimwambie mtu. Miaka yote hiyo ya "kaza, kaza zaidi, jukwaani watu wako mbali." Unakumbuka nani alikuwa akisema maneno hayo. Alikaa juu ya sanduku la ngoma, mikono katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza nikamwona kaka yako hana la kutangaza.

Alipofungua mdomo, Dada akamkatiza. "Usiseme kitu sasa, Baba. Mpeleke mtoto kituoni."

Baba alibeba begi langu mwenyewe. Mimi nilijizungushia kamba shingoni mara tatu, na wigi la Dada likaning'inia kifuani kama mtoto mgongoni, ila mbele. Watu wa tamasha walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Dada alifuatana nasi kichwa wazi. Mpishi mmoja alimpa kanga ajifunike, akashukuru, akaitia begani.

Bado nina kamba hii. Wenzangu wa chumbani wameahidi kunifumua Jumamosi, wameshajadiliana nani ataanza wapi. Mwalimu wa meno aliniuliza siku ya kwanza ile ni nini, nikamwambia ni dada yangu. Hakuuliza tena. Mpiga ngoma amenipigia simu anasema Dada aliimba jioni ile peke yake, hakuvaa kitu kichwani. Watu walinyamaza nyimbo mbili nzima, na ya tatu wakaimba naye. Baba hakupanda jukwaani. Alikaa nyuma ya spika mpaka mwisho, na hadi leo hajasema zaidi ya salamu. Nakuomba umwandikie, Shangazi. Wewe ndiye dada yake, ukimkemea atasikia, na ukimfariji pia atasikia. Sijui kipi kimfae kwanza.

Lakini mwandikie Dada kabla yake. Usimpe pole ya nywele, ameshachoka nazo. Muulize tu anaimba nini siku hizi.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu, hata Mama. Tulipokuwa kituoni Baba alikwenda kutafuta maji, tukabaki wawili. Nilimuuliza, kumbe ungeweza kujivua wakati wowote? Akasema ndiyo. Hata tulipolala? Hata tulipolala, vibanio ni sita tu. Basi nikakasirika, Shangazi, nikamwambia mimi nimelia siku zote hizi nikidhani tumefungwa wote, kumbe aliyefungwa ni mimi, wewe ulikuwa umekaa tu na shingo imepinda, hutaki hata kunisemesha. Ulikuwa unakaa kwa nini?

Alinirekebishia wigi lisiguse vumbi. Akasema, "Ulikuwa unaondoka. Nilijua nikifungua mdomo nitakuambia usiende. Basi nikafunga mdomo, nikakaa."

Nisalimie Mzee wako na soksi zake, binamu yangu mwenye nywele, na kitinda mimba wenu aliyeanza shule. Mungu akuponye goti, akulinde na barafu ya ngazini, na atujalie kukuona kabla hatujasahauliana sura.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Chiriku