Beseni la Maji ya Uvuguvugu

Hong Kong, 3 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Goti la kushoto linaendeleaje? Bado unalichua kwa mafuta, au umeyaacha kwa sababu ya harufu? Mimi ni mzima, na Bibi Lau ninayemtunza ni mzima pia. Sasa hivi amelala baada ya chakula cha mchana, ndiyo maana ninaandika.

Nina habari ya ajabu kidogo. Sisi wanawake wa Jumapili, watumishi wa majumbani tunaokaa bustanini siku ya mapumziko juu ya mikeka ya plastiki, tumekubaliana kwamba mwezi huu kila mmoja wetu aandike riwaya nzima. Maneno elfu hamsini kwa siku thelathini, kwenye simu zetu hizi hizi. Wako watu wengi duniani wanaofanya hivyo kila Novemba. Sheria yetu ni moja tu: hakuna kurudi nyuma kufuta. Mwaka jana nilijaribu nikaishia siku ya tano.

Riwaya yangu ni ya Mama. Nimempa jina jingine, ila ni yeye, mwigizaji wa jukwaani, tangu usichana wake mpaka mwisho. Nataka niimalize tarehe thelathini, siku ya elfu tangu atutoke, ya dua ya mwisho kwa desturi yetu. Baada ya siku hiyo hatutamhesabia tena, nami sitaki hesabu iishe nikiwa mikono mitupu.

Leo ni siku ya tatu na nimekwama. Mwanamke wangu amesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Niambie, nyinyi mliwezaje kuigiza bila kuandikiwa maneno? Na lile swali langu la zamani, Baba: siku yake ya mwisho ilikuwaje? Mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, kaburi nililiona kwenye simu. Mengine naweza kuyabuni. Hilo siwezi.

Mwanao,
Winarsih

Sumberjati, Java, 5 Novemba

Mwanangu Win,

Waalaikum salaam. Goti linauma asubuhi tu, na mafuta naendelea nayo, majirani wavumilie. Mvua zimeanza. Barua hii naiandika kwenye daftari, Mama Yatmi muuza mayai ataipiga picha akutumie kwa simu yake.

Umeuliza tuliwezaje. Kiongozi wetu alikuwa anabandika karatasi moja nyuma ya pazia: nani ni nani, nani anaingia kwanza, na mwisho wake nini. Basi. Maneno kila mtu alikuja nayo mdomoni. Mimi nilikuwa mtumishi wa mfalme kwa miaka ishirini na sita, sikuwahi kupandishwa cheo. Mama yako alikuwa mwanamke yeyote aliyehitajika.

Sasa yeye alikuwa na uchokozi wake. Aliingia na kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Siku moja wazee wa vita wamekaa wanashauriana, uso wa kila mmoja umekunjwa, mara yeye huyo na bata hai kwapani. "Mwenye jeshi hapa ni nani? Bata huyu amekanyaga miche yangu ya mpunga." Kwenye karatasi hapakuwa na bata. Watu wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Mama, huyo si bata, huyo ni mpelelezi wetu, na sasa umemtangaza." Naye papo hapo: "Kama ni mpelelezi, mbona anataga?"

Alinifundisha kwamba jibu jema si lile la kupigiwa makofi. Ni lile linalomwachia mwenzako kitu cha kusema.

Basi nakupa kazi. Mtu aingie kwenye riwaya yako na ndala moja iliyolowa. Usijiulize kwanza ni ya nani.

Baba yako

Hong Kong, 8 Novemba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na mvua. Hapa ni jua, na Bibi Lau amekataa kuvaa sweta siku tatu mfululizo, kwa hiyo jua lote tunalo sisi.

Ile ndala imeleta mambo. Nilimwingiza mwanamume nayo, akasema ameiokota mferejini. Mwanamke wangu pale mlangoni akacheka, akatoka kwenda kutafuta mwenzake wa hiyo ndala, na hajarudi nyumbani kwa sura tatu. Sasa nina maneno elfu kumi na nne. Wenzangu wa bustanini wamenionea gere, wanasema, "Muombe baba yako atupe na sisi." Nimewapa bata.

Nipe nyingine. Kila siku nikiamka nataka kujua atakayeingia ana nini mkononi, na ni mimi mwenyewe ninayemleta.

Swali langu la pili hukulijibu.

Mwanao,
Win

Sumberjati, 10 Novemba

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama, na Bibi Lau kavaa sweta. Sisi hatujambo. Mama Yatmi amekuletea salamu, na anauliza kama kwenye riwaya yako yumo muuza mayai. Nimemwambia hayumo. Amenuna.

Kazi ya pili ni hii. Watu wawili wagombane, na lile wanalogombania lisitajwe kabisa. Mama yako alipokuwa na hasira na mtu jukwaani hakupaza sauti. Alipeta mchele. Alipeta na kupeta, anatoa wishwa na chuya, mpaka yule mwenzake anaomba msamaha kwa jambo ambalo watazamaji hawalijui. Na nyumbani ilikuwa vilevile. Ulipokwenda huko mara ya kwanza, tulikula mchele safi sana mwezi mzima.

Swali lako nimeliona. Barua hizi hupigwa picha na Mama Yatmi, na Mama Yatmi husoma kabla ya kupiga.

Baba yako

Sisomi. Mama Yatmi.

Hong Kong, 19 Novemba

Baba,

Hujambo? Ni siku tisa sijaona ukurasa wako. Nilipambana na ule ugomvi kwa siku mbili. Niliwaweka baba na binti jikoni, wanamenya vitunguu, wanabishana kuhusu kisu butu. Nilipofika katikati nikajua ni mimi na wewe, na kisu ni kile ninachokuuliza kila mara. Kama nimekuumiza, naacha. Tangu hapo nimesimama kwenye elfu thelathini na moja. Kila nikifungua simu, naifunga.

Nilimpigia Mama Yatmi. Anasema uko salama, unakula, ila ulivaa shati lako la batiki la harusi ukaenda posta na bahasha, na ulikataa kubebewa. "Baba yako ananinunia," anasema, "mwambie sikusoma." Baba, posta?

Mwanao anayesubiri,
Win

Sumberjati, 12 Novemba
(imefika Hong Kong tarehe 24)

Mwanangu Winarsih,

Nakusalimu kwa upole, na nakuomba uisome hii ukiwa umekaa. Naipeleka posta kwa sababu si ya kupita kwenye simu ya mtu.

Ilikuwa alasiri. Homa ilikuwa imeshuka kidogo, nami nikasema afadhali nimwoshe miguu, kwa kuwa alipenda miguu yake iwe safi. Nilichota maji ya uvuguvugu katika beseni lile la bati, lenye ua jekundu lililobanduka rangi upande mmoja. Nikaingia nalo chumbani taratibu lisimwagike.

Alikuwa macho. Alinitazama, kisha akaitoa ile sauti yake ya jukwaani. Ilikuwa nyembamba, lakini ndiyo yenyewe. Akasema, "Wewe mtumishi wa mfalme, beseni hilo unalipeleka wapi?"

Win, kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kukosa kumjibu. Nilimjibu kuhusu bata, kuhusu mwavuli uliotoboka, kuhusu meno ya bandia ya kiongozi wetu. Siku ile nikaona midomo yake ilivyokauka, nikasema, "Lala, mke wangu. Usijichoshe."

Alingoja. Wewe unamjua alivyokuwa akingoja, kichwa kimeinama upande. Alinipa nafasi ndefu kabisa. Mimi nikakamua kitambaa.

Basi akageukia ukutani, akatabasamu kidogo, akasema, "Parmin, gonga."

Unamkumbuka Mzee Parmin na kile kisanduku chake cha mbao. Akikigonga, onyesho limekwisha, pazia linashuka. Parmin hakuwepo. Mama yako hakusema neno jingine, na kabla ya magharibi akatutoka.

Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa unalia kwamba hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nami ndiye niliyekosa maneno. Niliona haya.

Kazi ya tatu ndiyo hii, na sijui kama ni ya haki. Mtumishi ana beseni mkononi. Ameulizwa. Mtafutie jibu.

Baba yako

Hong Kong, 27 Novemba

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Nakuomba leo usiniulize hali yangu kwanza. Niko vizuri, na barua yako iko chini ya mto wangu.

Niliisoma jikoni, samaki akaungua. Bibi Lau akaja na fimbo yake, akanitazama, akakaa kwenye kiti na kumla vilevile alivyo mweusi. Nadhani huo ulikuwa upole.

Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa refu. Mtumishi alizungumza juu ya mapenzi, na mito yote ya Java, na machozi yaliyojaza beseni. Jana bustanini niliwasomea wenzangu, wakatafuta leso. Nami nikamwona Mama yuko nyuma yao, ameshika mdomo asicheke. Lilikuwa jibu la kupigiwa makofi.

Kufuta hakuruhusiwi. Kwa hiyo nililiacha lilivyo, kisha nikamfanya yule mwanamke kitandani acheke. Akasema, "Hapana. Toka nje, uingie tena." Mtumishi akatoka na beseni lake, akasimama ukumbini, akavuta pumzi, akaingia upya. Baba, nilikuwa sijui kwamba inawezekana hivyo mpaka nilipoiandika.

Akamuuliza tena, "Wewe mtumishi wa mfalme, beseni hilo unalipeleka wapi?"

Na mtumishi akasema, "Nalipeleka kwa mwanamke mmoja mbishi, nikamwoshe miguu. Wewe si umetoka huko kwake? Yupo?"

Nimeishia hapo. Nimejaribu kumwandikia yeye alichojibu, nikaona si changu. Yaliyobaki kufikia elfu hamsini nitayajaza kwa muuza mayai, ameingia sura ya kumi na nane na hatoki. Sura hii ya mwisho nampa Mama Yatmi kwa simu. Mwache asome.

Mwanao,
Win

Sumberjati, 1 Desemba

Mwanangu Win,

Waalaikum salaam. Tumeamka salama, na dua ya siku ya elfu imekwenda vizuri. Jiwe la kaburi limesimama sawasawa. Tulipika apem, vile vitumbua vya unga wa mchele, Mama Yatmi alileta mayai ya bata ya chumvi zaidi ya wageni. Ameshajua kwamba yumo kitabuni. Anataka kujua kama umemwandika mnene.

Wageni walipoondoka nilimbakiza Mzee Parmin. Hasikii vizuri siku hizi, ila nilikuwa nimemwambia aje na kile kisanduku. Tukakaa kwenye kile chumba, beseni nikaliweka chini mbele yetu. Mama Yatmi alinishikia simu, nami nikasoma sura yako kwa sauti. Nilipofika pale mtumishi anapotolewa nje, nilisimama nikatoka kweli, goti na yote, nikaingia tena. Mama Yatmi akafuta macho, akasema ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Nikasoma mpaka mwisho. "Yupo?" Parmin alikuwa ameinua kigongeo chake, amekiweka juu ya kisanduku, na hakigongi. Nikangoja. Mwishowe nikamwambia, "Parmin, sura imekwisha. Mbona hugongi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito. "Nigonge vipi?" akasema. "Mwenzako hajajibu."

Akakirudisha kisanduku mkobani mwake, akaomba chai.

Tangu jana nafikiri angesema nini. Asubuhi nilipokuwa nafagia nilipata moja nikacheka peke yangu, lakini sina hakika nalo. Labda kesho nitapata lingine. Sijawa na hamu ya kesho namna hii kwa muda mrefu.

Hongera kwa elfu hamsini. Kitabu kikitoka usiweke jina langu, sijazoea jina kubwa. Andika tu kwamba palikuwa na mtumishi mwenye beseni, na kwamba mara ya pili alijibu. Nawe huko uliko, mwanangu, unikumbuke hivyo.

Baba yako