Dhiraa ya Chiriku

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na wifi yangu naye amepata nafuu ya miguu. Mwambie majani aliyonitumia niliyachemsha na kuyanywa, machungu kama maneno ya mwenye nyumba wangu, lakini yalinisaidia. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, lile unaloliita redio ya hali ya hewa. Juzi lilitangaza mvua, na mvua ikanyesha.

Najua unaruka mistari hii ukitafuta jina la binti yako. Yu hai. Nimemwona leo asubuhi kupitia waya wa Banda, wanakofungiwa wanaodhaniwa kugeuka, na mkono wake ni mkono ule ule unaoujua. Sasa nivumilie, maana jambo ninalotaka kukueleza lisipopangwa vizuri halitaeleweka, na mwalimu akistaafu haachi kupanga mambo.

Huko kwenu habari za kugeuka mnazisikia redioni tu, na watoto wenu huchora watu wenye pembe na mikia. Haianzi hivyo. Huanza na mfupa wa mkono. Mkono hurefuka kidogo kidogo, kisha ngozi ya mgongo hukakamaa kama gome la mti, taya husogea mbele, na maneno huanza kumpotea mtu moja baada ya jingine. Karani wa posta, yule mpole aliyekuwa akinibandikia stempu mwenyewe, nilimwona kwa macho yangu aking'oa mlango wa chuma kama wewe unavyong'oa kifuniko cha sufuria. Mlinzi aliyemzuia hakuamka tena. Kwa hiyo usidhani hofu ya watu hapa ni ya bure. Hata mimi nimelala na meza nyuma ya mlango.

Kwa sababu hiyo, kila baada ya wiki mbili kila mtu mzima hupimwa dhiraa, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mfupa wa mtu mzima haukui. Ukizidi kipimo chake cha kwanza kwa sentimita moja, unapewa kadi nyekundu na kupelekwa Bandani. Siku ya arobaini unapelekwa ng'ambo ya ukuta wa mji, walikoachiwa wale waliokwisha kugeuka kabisa. Hakuna aliyewahi kurudi. Walipotafuta wapimaji walituchukua sisi tuliofundisha ushonaji, kwa kuwa mikono yetu imezoea tepu. Ukutani mwa kituo cha kupimia wameandika kwa herufi kubwa: NENO LA TEPU HALIPINGWI. Siku ya kwanza nilicheka, nikidhani ni utani.

Sasa turudi kwenye siku ile ambayo nilikuandikia kwa kifupi tu. Mtu wa kwanza kuonekana kuwa na kasoro alikuwa mwashi mmoja. Shingo yake ilikuwa imeanza gome, na dhiraa ilizidi kwa sentimita mbili na nusu. Hakubisha. Aliomba tu aruhusiwe kuosha mwiko wake wa kazi kabla ya kuondoka. Kanuni inasema tepu iliyomgusa mtu wa namna hiyo ichemshwe kwenye dawa. Zamani tulikuwa na tepu za plastiki, lakini wiki ile stoo ilituletea za pamba. Mhudumu akaichemsha, na kwa kuwa foleni ilikuwa inapiga kelele, akaikausha haraka kwa pasi ya moto. Muuza mkaa mmoja alituuliza kama tunapika tepu au supu, maana kama ni supu yeye angekwenda kuleta bakuli. Watu wakacheka, na kazi ikaendelea.

Muuza mkaa akapimwa: amezidi kwa sentimita moja na nusu. Aliyemfuata: amezidi. Wa tatu, wa nne. Kicheko kilikufa kama taa iliyozimwa. Walipofika watu kumi na mmoja, walinzi waliovaa barakoa walikuwa wameshafunga milango. Msimamizi wa kituo alitangaza redioni kwamba mwashi ameambukiza foleni nzima, mtaa wetu ukazungushiwa waya, na yeye kwa wepesi wake wa kuchukua hatua akapandishwa cheo. Sasa tunamwita Mkuu.

Chiriku wako alikuwa wa tisa. Zamu yake ilikuwa kesho yake. Alikuja kuniletea miwani niliyoisahau nyumbani, akaamua kupimwa palepale asije akachosha viatu mara mbili. Unamjua, jina la Chiriku hakupewa bure. Aliisemesha foleni nzima. Kadi ilipotoka, alinyamaza. Ni mara ya kwanza nimemsikia akinyamaza tangu aanze kusema.

Leo ni siku yake ya thelathini na sita. Amefungwa pamoja na mwashi, ambaye kweli anageuka: mabega yanagusa dari, na nguzo aliyofungiwa kwa minyororo ameshaing'oa mara moja. Wiki iliyopita Chiriku alinieleza kwamba mwashi huenda mwenyewe kukaa kona ya mbali ili asiwatishe. Leo aliniambia, kwa sauti ndogo isiyo yake, kwamba mwashi amesahau neno la maji, na akikosa neno hukasirika. Lakini wale kumi na mmoja, hata ukucha haujabadilika. Mlinzi wa zamu ya asubuhi alininong'oneza kwamba jambo hilo linamshangaza. Nikamjibu kwamba mimi halinishangazi tena.

Jumapili iliyopita Chiriku aliniomba blauzi ya mikono mirefu. Alisema niikate mirefu sana, kwa kuwa serikali imeamua mikono yake inakua. Nikatandaza kitambaa juu ya meza yangu ya kukatia, ile aliyonichongea baba nilipopata kazi. Unakumbuka alivyojisifu kwamba ni mita moja na sentimita ishirini, hazizidi wala hazipungui? Nikatoa tepu kwenye mfuko wa aproni, nikainyoosha ukingoni. Tepu ikasema mia moja ishirini na nne.

Nilikaa chini, mdogo wangu. Kwa miaka thelathini, somo langu la kwanza lilikuwa moja: kitambaa kipya cha pamba kiloweshwe, kikauke, kipigwe pasi, ndipo kikatwe, kwa sababu kikipata maji ya moto husinyaa. Aliyesahau nilimfanya afumue nguo nzima mbele ya wenzake. Tepu ikisinyaa, alama zake husogeleana, na kila unachokipima huonekana kirefu kuliko kilivyo. Mkono wa sentimita arobaini na tatu husomeka arobaini na nne na nusu.

Nilimpelekea Mkuu habari hiyo. Alinisikiliza kwa adabu, akaniita Mama, akaniagizia chai. Kisha akauliza kama nimemwambia mtu mwingine. Akasema mtaa umefungwa, redio imekwisha kusema, na yeye hawezi kwenda kuwaambia watu kwamba walilia kwa sababu ya pasi. Akaomba tepu. Nikampa. Akaichoma kwenye kibati cha majivu mbele ya macho yangu, akanishauri nipumzike. Hapo nikajua ameniamini, kwa maana mtu hachomi asichokiogopa. Ila tepu niliyompa ilikuwa nyingine, mpya, ambayo haijawahi kuonja maji. Sikufundisha wasichana miaka yote hiyo bila kujifunza ujanja wao.

Sasa nadhani umeshaanza kujiuliza tepu ile ilifikaje kwenye aproni yangu. Mficha uchi hazai. Barua iliyopita nilikuandikia kwamba Chiriku alipimwa meza ya mwenzangu. Nilikudanganya. Meza ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono, naye akanitania kwamba viganja vyangu ni baridi kama samaki, na kwamba nimwandikie namba nzuri. Niliposoma arobaini na nne na nusu nilisema labda nimekosea, nikampima mara ya pili. Kwa tepu ile ile. Kisha nikaandika kadi kwa mkono huu unaokuandikia sasa. Watu kumi na mmoja, na mmoja nimemlea tangu mlipomleta kuanza kazi mjini. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Kesho ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo Mkuu na maofisa wake wote hupimwa uwanjani, mbele ya watu, ili kutoa mfano. Hupimwa na mpimaji mkongwe kuliko wote, ambaye ni mimi, na Mkuu anaamini tepu ile imekwisha kuwa majivu. Nitawapima mmoja mmoja, bila haraka, na nitasoma kila namba kwa sauti ya darasani. Wote watazidi kwa sentimita moja na nusu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kesho tutajua ladha yake kwa binadamu. Wakikubali kwamba neno la tepu halipingwi, waingie Bandani wakakae na mwashi. Wakisema tepu ni mbovu, itabidi waseme mbele ya uwanja mzima, na mimi nitawauliza ni mbovu tangu lini. Mzee mmoja seremala atakuwepo na rula yake ya chuma. Muuza mkaa ana ndugu wengi, nao nimewaomba wasimame mbele.

Mimi watanifanya nini, sijui. Usihangaike kuja, barabara imefungwa, na kifua chako hakipendi vumbi.

Blauzi ya Chiriku imekwisha. Mikono yake nimeikata kwa kufuata dhiraa yake ya kweli, arobaini na tatu.

Nisalimie wifi, na watoto waambie waache kuchora pembe. Jibu la barua hii liandike kwa jina la Chiriku, kwa anwani ya nyumba yangu. Likifunguliwa na yeye, atakujibu kwa kurasa nyingi, unamjua. Likikurudia limefungwa kama ulivyolituma, basi utakuwa umejibiwa pia.

Asubuhi nitaichemsha tepu mara moja tena na kuipiga pasi, isije ikawa imelegea.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Mwalimu wa ushonaji