Programu Yangu Imekubali kwa Maman Présidente

Kisangani, Kabondo

Kwako Papa mpendwa na mwenye kuheshimiwa,

Nakuamkia kwa adabu ya mtoto aliyesimama mlangoni akingoja kuambiwa aingie. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya bati lako. Je, mguu wako wa kulia, ule unaokanyaga cherehani, umepungua uvimbe? Je, mvua bado inaingia dukani upande wa vitambaa? Mimi, kwa rehema za Mola, ni mzima. Nakula, nasali, na sauti yangu tu ndiyo imekauka kidogo, kwa sababu utakayoiona hapa chini.

Barua hii naikabidhi kwa jirani yangu anayekwenda Ubundu kwa pikipiki, na kutoka huko atapanda baleinière, ile boti ya mbao, hadi Kindu. Ningeweza kupiga simu. Lakini jambo ninaloliomba ni zito, na katika simu Papa hutoa hukumu kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi.

Hujaisahau amri yako, nami sijaisahau: ikiwa kabla ya Ramadhani programu yangu haijatoa hata nguo moja inayovalika, nirudi nyumbani nikae kwenye cherehani ya pili, ile ambayo hujampa mtu mwingine. Nilikubali. Leo nina heshima na furaha kubwa ya kukujulisha kwamba nguo imetoka. Imevaliwa! Imetembea sokoni!

Naomba ruhusa nieleze kwa utaratibu.

Kama ujuavyo, programu yangu hupokea vipimo vya mtu, ikachora patroni ya karatasi, ikapanga vipande juu ya pagne ili kitambaa kisipotee. Niliiandika kwa lugha iitwayo Rust, katika kompyuta yangu ya zamani inayotumia mfumo wa Linux, na humo ilifanya kazi bila lawama. Lakini kompyuta ya atelier ya akina mama washonaji, waliokubali kunijaribu, inatumia Windows, na printa ipo kwao. Niliamini kwamba kuhamisha kungetosha. Haikutosha. Programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haivaliki katika mwingine. Maandishi ni yale yale, ila lazima itengenezwe upya kwa mwili mpya.

Chombo cha kutengenezea huitwa kompaila. Papa, ifikirie kama duka lako. Kompaila ni mkataji: husoma maandishi yangu na kukata vipande. Baada yake huja mwenziwe, kiunganishi, ambaye hushona vipande viwe nguo moja. Katika Linux yangu wote wawili walikuwa wamekwisha kuketi kazini. Kule atelier mkataji alifika peke yake. Alikata vizuri kabisa, kisha ukatokea ujumbe mwekundu: kiunganishi hakionekani. Mado, fundi mwenye ulimi mkali, kila akipita na pasi yake alinisemesha:

«Ingénieur, ungali unashona hewa?»

«Nakusanya vipande, dada Mado.»

«Kusanya, kusanya. Siye tutavaa hiyo hewa ku Noël.»

Kiunganishi kilichopendekezwa kwanza kilikuwa kikubwa mno kwa mtandao wetu. Kilipakuliwa hadi katikati, umeme ukaondoka nacho. Nikasoma tena maelezo, mstari kwa mstari, na kamusi mkononi. Hapo nikagundua kwamba ipo kompaila ya aina nyingine inayokuja na kiunganishi chake kidogo ndani ya mfuko huo huo. Nikaipakua. Nikaanza upya. Mkataji akakata, mshonaji akaanza kushona, na mara kila kitu kikasimama: «Hakuna folda iitwayo Maman.»

Niliyasoma tena maneno hayo kwa sauti. Kisha nikaelewa, nikacheka peke yangu hadi Mado akaacha kupiga pasi.

Kiongozi wa atelier anaitwa Feza. Lakini hapa hakuna kinywa kinachothubutu kusema Feza. Ni Maman Présidente Feza, na aliyeifungua kompyuta ile siku ya kwanza alimwandika hivyo hivyo kwa heshima zote. Basi folda yake, ambamo kompyuta huweka kila kitu, inaitwa Maman Présidente Feza, yenye nafasi tupu kati ya neno na neno. Kiunganishi changu kilisoma anwani hadi nafasi ya kwanza, kikadhani imekwisha, kikaenda kumtafuta mtu aitwaye Maman. Nilijaribu kufanyia kazi mahali pengine penye jina fupi, lakini vipande vya muda vilirudi kule kule kwake. Dawa ilikuwa moja: kufungua chumba kipya katika kompyuta, yaani akaunti, kwa jina la neno moja tu.

Nikaona si adabu kufanya hivyo kwa siri. Nikapiga pasi shati langu, nikasimama mbele ya akina mama wote, nikatamka sentensi niliyoiandaa tangu asubuhi:

«Mheshimiwa Maman Présidente, nakuja mbele yako kwa unyenyekevu kuomba uridhie kwamba cheo chako kiondolewe.»

Papa, sikujua kwamba wiki hiyo walikuwa wanajiandaa kuchagua kamati mpya, na kwamba wanaokaa dirishani walikuwa wakishindana na wanaokaa mlangoni.

Cherehani zote zilisimama. Maman Présidente akavua miwani.

«Weye Sefu! Nani amekutuma?»

«Hakuna, Maman, ni kompyuta...»

«Kompyuta njo inapiga kura sasa?»

«Ni bale ba upande wa dirisha!» mmoja akapiga kelele, na upande wa dirisha wote ukasimama kujitetea. Sauti yangu ilikaukia hapo, nikijaribu kupita juu ya sauti zao. Mwishowe niliacha ufasaha. Nikachukua uzi, nikaukata katikati, nikaviweka vipande viwili mezani vikiwa na pengo kati yake, nikasema: «Mashine inafika hapa, inaona pengo, inasimama. Jina lako lina mapengo mawili. Ni hilo tu.»

Maman Présidente akaweka kidole ndani ya pengo la uzi. Kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

«Bon. Andika Feza tu. Mama yangu alinizala Feza, hakunizala présidente. Lakini ku karatasi yenye itatoka, utaandika yote!»

Nikaandika feza. Nikafungua chumba kipya, nikaweka vyombo, nikaamuru kazi ianze. Mkataji akakata. Mshonaji akashona. Hakuna ujumbe mwekundu. Printa ikaguna, na ikatoa patroni ya libaya, blauzi ya pagne, ukurasa baada ya ukurasa, na juu yake cheo chote cha Maman Présidente kwa herufi kubwa. Mado mwenyewe alikata na kushona. Mabega yalikaa, kwapa halikuvuta. Maman Présidente alivaa akazunguka, na akina mama wa dirishani na wa mlangoni wakapiga vigelegele pamoja, kisha yeye akatoka nayo hadi sokoni. Wameniomba nibaki niwafundishe.

Kwa hiyo Papa, naleta ombi langu rasmi: nibaki Kisangani. Lakini najua libaya usiloliona si ushahidi kwako. Basi nipime kwa mwili wako. Wewe umewapima watu wote wa mtaa wetu, na sijapata kuona mtu akikupima wewe. Namwomba Mama ashike utepe: shingo, bega hadi bega, kifua, mkono, na urefu hadi kifundo cha mguu. Tafadhali usivute tumbo ndani. Nitakukatia kanzu ya Idi kwa programu hii, bila kusahihisha kwa jicho. Ikikaa vizuri begani, niache nibaki. Ikibana, nitapanda boti na kuja kukaa kwenye cherehani ya pili, bila neno.

Nisalimie Mama, mwenye utepe. Nisalimie kaka yangu mkubwa anayekusaidia dukani, shangazi muuza samaki, na dada yangu mdogo. Mwambie aandike vipimo kwa herufi zinazosomeka.

Nasubiri mabega yako, Papa.

Mwanao mtiifu,
Sefu