Namba Nyuma ya Msasa

Kisaka, Alhamisi, 3 Julai 2025

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Nimekaa nyuma ya jiko na simu ya mama, na nimejiapiza kuandika yote leo hapa mtandaoni, hata yale ambayo nikiyataja kwa sauti nitalia. Jina la baba sitaliandika.

Naogopa.

Baba anatengeneza visu. Anakata springi za malori mabovu, anazichoma, anazigonga, anazizamisha kwenye oili, halafu anazisugua mpaka ziwe visu vya bucha ambavyo watu hutoka Mugumu kuja kuvichukua. Mimi niko kidato cha tatu, shule ya bweni, na kila likizo kazi yangu ni msasa. Nilianza nikiwa darasa la tano, kwa kushika tu bakuli la maji ya sabuni.

Wengi hudhani msasa ni msasa tu. Nyuma ya kila karatasi kuna namba. Namba ikiwa ndogo, chembe zake ni kubwa na zinakwaruza sana. Namba ikiwa kubwa, chembe ni laini. Sisi tunaanza na 120 ili kufuta alama za tupa, tunakuja 240, halafu 400, tunamalizia na 600. Huwezi kuruka hata moja. Karatasi unaizungushia kipande cha mti mgumu, kwa sababu ukibonyeza kwa kidole unachimba mabonde. Na kila ukibadilisha namba unageuza upande wa kusugua, ili mikwaruzo ya zamani ijitenge na mipya. Ukiona hata mstari mmoja umelala tofauti na wenzake, hujamaliza.

Yote hayo alinifundisha baba. Alikuwa akiinua kisu juani, ananionyesha mstari mwembamba kuliko unywele, na mimi nauona baada ya kuonyeshwa. Yeye ndiye aliyekuwa na macho.

Naipenda kazi hii kwa kweli. Shuleni siisemi, kwa sababu wasichana wenzangu watauliza kwa nini kucha zangu ziko hivi. Lakini ukifika kwenye 400 kuna dakika chuma kinaacha ukijivu na kuanza kufanana na maji, na hapo hata mtu akikuita humsikii.

Wiki iliyopita Marwa alirudisha kisu.

Marwa ana bucha Mugumu, na ni rika moja na baba. Waliingia jandoni pamoja, na watu wa rika moja huku kwetu wana ruhusa ya kutukanana hadharani. Asiyetukanwa hujiuliza amekosa nini. Kwa hiyo nilipomwona anashuka kwenye pikipiki akiwa amekunja uso, nilijua ni utani.

"Mura," alimwambia baba, kama wanaume wa huku wanavyoitana, hata hajakaa, "hiki kisu umekisugua kwa ulimi wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe wako," baba akamjibu. "Ana njaa, maskini. Analamba mpaka chuma."

Walicheka. Mama akaleta chai. Kisha Marwa akaacha kucheka na kukigeuza kisu. Bapa zima lilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ndani yake kutu ilikuwa imekaa kama uzi mwekundu. Alieleza kwamba damu na mafuta vinaingia humo, anaosha jioni, asubuhi anakuta kutu tena. Na anafungua bucha ya pili. Ameagiza visu vipya kwa baba na atakuja kuvichukua Jumamosi hii. Vikiwa hivi, atanunua vya kiwandani Sirari.

"Jumamosi nakuja na macho yangu mawili, mura. Na wewe uje na yako."

Baba akacheka kuliko sisi wote.

Wenye bucha wengine hufuata anakonunua Marwa. Hilo baba analijua na mimi nalijua.

Mwanzoni nililaumu duka. Zamani msasa wa 120 ulikuwa wa kahawia, ule wa 400 kijivu, na wa 600 ulikuwa mweusi. Mzigo mpya ulioletwa ni mweusi wote, kuanzia wa kukwaruza hadi wa kumalizia, na tofauti imebaki kwenye namba ya nyuma peke yake. Nikasema labda wenye kiwanda wamekosea kuandika. Nikasugua kipande cha springi kwa kila namba. Namba zilikuwa sahihi kabisa.

Jana mchana nilikuwa nimemaliza kisu cha kwanza cha Marwa. Kilikuwa kizuri, naomba niseme hivyo bila kujisifu. Baba alikuja kukipitishia mkono wa mwisho, kama afanyavyo siku zote. Akachukua karatasi kwenye kibao tunachopangia misasa, akaigeuza nyuma, akaiangalia pale penye namba kama mtu anayesoma.

"Mia sita hii," akasema.

Ilikuwa 120.

Alisugua kutoka kwenye mpini hadi nchani, taratibu, kwa ustadi wake uleule, na kila alipopita alikuwa anaacha mifereji ambayo mimi niliiona nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha akainua kisu juani. Akakigeuza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa kimekaa, Bhoke."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Tangu hapo mambo mengine yamejipanga yenyewe kichwani mwangu, na sikuyaita. Siku hizi hamwiti mtu jina mpaka asikie sauti yake. Akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe. Juzi nilimwamkia shikamoo nikiwa na dada wa jirani, akaitikia "Marahaba, Bhoke" akimtazama yule dada. Tukacheka. Nilidhani ni utani wake.

Nilimwambia mama jikoni. Hakushtuka. Aliendelea kusonga ugali, akasema, "Najua."

"Sasa mbona husemi?"

"Nikishasema mimi, itakuwa amesemwa. Nasubiri aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

Mama akageuza ugali.

Mwalimu wetu wa bayolojia alitufundisha kuna ukungu unaoota kwenye jicho, mtoto wa jicho, na kwamba mara nyingi unaweza kutolewa hospitalini na mtu akaona tena. Jana jioni baba alipogeukia mwanga nilitazama ndani ya mboni zake. Zina weupe, kama maji uliyooshea mchele. Sijui kama ndio huo. Natumaini sana ndio huo, na nimeshangaa kwamba naweza kutumaini ugonjwa.

Leo alfajiri nilichukua mkasi wa mama. Kwenye ukingo wa kila karatasi ya 120 nikakata pengo moja. 240, mapengo mawili. 400, matatu. 600, manne. Nikazirudisha kwenye kibao kama zilivyokuwa na nikaanza kufagia mahali ambapo palikuwa safi.

Baba akaja, akaketi, akanyoosha mkono. Kidole gumba chake kikapita ukingoni. Kikasimama. Kikarudi. Alichukua karatasi ya pili, kisha ya tatu. Mimi nilikuwa nafagia.

"Panya wa siku hizi," akasema mwishowe, "wanajua kuhesabu."

"Wanasoma bweni, baba."

Nilitamka kabla sijafikiri. Nikajua nimeharibu. Lakini alicheka kidogo kwa pua, akavuta karatasi yenye mapengo mawili, akaanza kazi. Hatukuongea tena juu ya panya.

Mchana kutwa alishika karatasi sahihi. Mimi nilikitengeneza upya kile kisu cha jana. Mfereji wa 120 haufunikwi na 600, hata ukisugua mpaka Krismasi. Lazima urudi 240, uikate mikwaruzo kwa upana mpaka yote iishe, halafu upande tena ngazi zote. Ngozi ya vidole vyangu imetoka. Lakini visu vyote vya Marwa sasa vimekamilika, na nimevipaka mafuta na kuvifunga kwenye gazeti. Jumamosi aje na macho yake mawili, atakayoyaona yatampendeza.

Ningekuwa mtoto, hapo ningelala kwa raha.

Lakini Jumatatu narudi shule. Nikiondoka, baba atajua anashika msasa gani, ila hataona kama mikwaruzo imeisha. Msasa wenyewe ndio sehemu nyepesi. Chuma kikiwa motoni anatakiwa kuitambua rangi yake kabla hajakizamisha kwenye oili, na anakishika kwa koleo, kwa mkono mmoja. Moto hauna mapengo ukingoni. Nimefikiria kumfundisha mama kusugua. Nimefikiria kumwambia Marwa pembeni, nikaogopa, kwa sababu kwa rika lake itageuka utani hata kama Marwa hataki, na hiki si kitu ambacho baba anaweza kutaniwa. Nimefikiria hata kubaki nyumbani muhula huu. Hilo nalo nalifuta hapahapa. Baba akisikia nimeacha shule kwa ajili ya macho yake, ndipo atakapoumia kweli.

Jioni hii alikuwa ananawa mikono. Tulikuwa wawili tu, na nilikuwa nimepanga sentensi nzima kichwani.

"Baba."

"Mm?"

Alinigeukia na kungoja. Aliitazama sauti yangu, si uso wangu.

"Nikuletee taulo?"

"Ninalo begani, mama," akasema kwa upole. Akaendelea kusimama pale kidogo, kama mtu anayengoja kitu kingine. Mimi nikainua ndoo na kuondoka.

Sasa nashindwa kuacha kufikiria ule ungojaji wake. Labda anajua. Labda na yeye ana sentensi aliyoipanga, na kila mmoja wetu anangoja mwenzake aanze. Bado nina kesho, Jumamosi na Jumapili. Daktari wa macho yupo Mugumu, nimeulizia, na mama amesema pikipiki itapatikana. Kinachokosekana ni mwanzo wa maneno.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama uliwahi kumwambia mzazi wako kwamba unajua haoni, na akakubali kwenda bila kuvunjika moyo, usiniandikie pole. Niandikie hapa chini, leo hii ukiweza, kitu kimoja tu: ulianza na neno gani?