Almasi Niliyokueleza Nusu

Baba yangu mpendwa,

Unakumbuka ile Jumapili nyumbani Oyugis, siku chache kabla ya tarehe uliyopangiwa kuanza tiba ya mionzi ya koo lako? Nilikuwa nimefika kutoka chuoni na maneno tele mdomoni. Wewe ulichimba dhahabu Migori miaka mingi, ukilijua jiwe kwa kuligonga na kusikiliza tu. Nami nikaona leo ni zamu yangu kukufundisha jiwe.

Nikakueleza jinsi tunavyochukua almasi safi pale maabara na kuipiga mionzi. Atomu zinasukumwa kutoka mahali pake, kunabaki mapengo. Jiwe linageuka kijani, ukizidisha linakuwa jeusi. Joto lililokuwa likipita ndani yake haraka kuliko ndani ya shaba linaanza kukwama. Hata ukilichoma tena kwenye tanuri ili lirudi, halirudi lote.

Ukaacha kutafuna. "Hata hiyo yenye ugumu wote huo inaharibika?"

"Inaharibika, Baba. Na huoni kitu kikiigusa."

Nilijisikia msomi kweli kweli! Nilijua una miadi hospitalini, lakini utamu wa kusikilizwa na wewe ulinifunga macho.

Tangu nizaliwe uliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Ukibishana na kaka yangu Ouma juu ya ng'ombe au mpaka wa shamba, ulisema, "Mama amesema," na mjadala ukaisha. Nilifurahia cheo hicho bila kuuliza uzito wake.

Ouma alipokuja na gari la kukodi kukupeleka, ulikuwa umekaa mlangoni bila viatu. "Rudisha hiyo gari," ulimwambia. "Mimi siendi." Hukumpa sababu. Mimi ulinipa, kwa simu, wiki mbili baadaye: "Mama, kama almasi inaisha hivyo, mimi nyama tu nitabaki na nini?"

Nikakuambia almasi zangu nazipiga makusudi hadi ziharibike, lakini daktari hupima kipimo na kulenga uvimbe. Nikakuambia jiwe halina uhai wa kuziba mapengo yake, ila mwili una damu, hujijenga upya. Hayo ndiyo niliyopaswa kusema ile Jumapili. Ulicheka kwa ile sauti iliyokuwa imebaki. "Sasa unanibembeleza tu, nyathina." Siku hiyo uliniita mtoto wako, hukuniita Mama.

Sijui kama tiba ingekuponya. Daktari alisema uvimbe ulikuwa bado mdogo, na sentensi hiyo hainiachi nilale. Naona aibu, Baba. Ninajuta sana.

Lakini kuna jambo jingine nililokufanyia baada ya kufa kwako. Ouma alikataa kutupa udongo kaburini. Hadi leo anawaambia watu mzee alijimaliza kwa ukaidi, kwamba alichoka nasi. Nami hukaa pale pale nikimimina chai vikombeni, bila kumsahihisha.

Kesho ninakuja Oyugis. Nitamkalisha Ouma chini nimwambie neno lililokurudisha ndani ya nyumba ukaikataa tiba lilitoka kinywani mwangu. Huenda asinisemeshe tena, na hiyo ni haki yake. Ila akishamaliza kunikasirikia mimi, nadhani ataweza kukulilia. Hajakulilia bado.

Lala salama, Baba.

Binti yako mkubwa