Nilisahau Kuwahesabu wa Barazani

Mtendeni, Tabora

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeshamaliza kupalilia, na mgongo wa Mama umepoa. Kama bado unamuuma, tafadhali asibebe maji, mdogo wangu Masanja abebe. Mimi huku ni mzima, nakula vizuri, na Shangazi ananitunza kama amenizaa yeye. Najua ulitaka nipige simu, lakini kwenye simu sauti inanikauka, unabaki kuniuliza "Kabula, upo?" mpaka salio linakwisha. Kwa kuandika nasema yote.

Habari kubwa ni ile kazi ya kampuni ya mbegu. Kazi yenyewe ni kupokea simu za wakulima na kuwajibu maswali, ukiwa nyumbani kwako. Usicheke, Baba. Mimi ninayejificha jikoni wageni wakija! Walitaka mtu anayejua Kiswahili na Kinyamwezi, mwenye intaneti nyumbani, na usaili wenyewe ulikuwa wa video. Shangazi akasema, "Intaneti nitalipia mimi kwa kuanzia. Wewe uliyesoma, nenda kachague."

Nikazunguka mjini. Kwenye kaunta ya kwanza nilisimama kimya mpaka dada wa pale akadhani nimekuja kuchaji simu. Kila ofisi niliuliza kasi, bei na kikomo cha matumizi. Ile ya nyaya ina kasi kubwa na haina kikomo, lakini nyaya zimeishia mtaa wa pili. Ya rauta isiyo na kikomo ilikuwa na kasi ya wastani, ila bei karibu mara mbili ya ile ya mwisho. Hiyo ya mwisho ilikuwa nafuu, tena ya kasi, lakini mkishatumia kiasi chenu cha mwezi inashuka, inatambaa. Nikapiga hesabu: Shangazi na taarabu zake, watoto wake wawili na katuni, mimi na kazi. Nikaona inatosha na kubaki. Nikachukua hiyo, nikarudi natembea kwa madaha.

Kumbe nilihesabu wanaolala ndani tu! Unalijua baraza la Shangazi. Alasiri ikifika wapo wacheza bao, wapo wanafunzi, yupo mama wa vitumbua. Mtu akiomba neno la siri, Shangazi anampa kama anavyompa maji ya kunywa. Angeanzaje kumnyima? Neno lenyewe nililiweka mimi, nikaanza na jina la kijiji chetu, Lusu: lusunyumbani.

Mzee Lameck, fundi viatu wa jirani, hakuomba hata. Yeye ni Muha wa Kasulu, mtani wetu, basi alichukua simu mkononi mwa mtoto, akajisomea neno. "Nyie Wanyamwezi," akasema, "zamani mlibeba pembe za watu mpaka pwani, leo mmebeba intaneti. Tueni mzigo tugawane!"

"Gawana," Shangazi akamjibu, "ila Muha hata umpe ziwa zima, ataulizia na mto."

Siku moja kabla ya usaili, kasi ikashuka. Picha zikaganda. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa, "Mmefika kikomo, dada. Subirini mwezi mpya. Kasi iliyobaki inamtosha mtu mmoja, akiwa peke yake." Simu yangu nayo haishiki mtandao mle ndani. Ningewaambiaje wazee wazima wazime simu zao? Kubadilisha neno la siri niliona ni kama kuwafungia mlango. Nikaenda kulia jikoni.

Mzee Lameck akaja kuomba kaa la moto. "Nani kafa?" akauliza. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akacheka, akachukua kaa lake, akaondoka. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Kesho yake saa ya usaili ilipokaribia, nikamsikia barazani. Amekuja na sanduku lake la viatu, tupu. "Simu zote humu! Atakayeficha nampigilia msumari kwenye soli!" Ya kwake ndiyo ilitangulia. Mtu mwingine angesema vile, baraza lingevunjika, lakini kwa mtani utanuna vipi? Walicheka, wakaweka. Shangazi tu ndiye aliyeng'ang'ania, taarabu ilikuwa katikati.

"Weka, Mnyamwezi," Mzee Lameck akamwambia. "Leo mzigo nabeba mimi."

Picha iliganda mara moja tu, sauti ikawa safi. Walinipa mzee wa kuongea naye Kinyamwezi kuhusu mahindi yake yaliyoingiwa na wadudu. Niliongea naye kama ninavyoongea na wewe, Baba, na sauti haikukauka. Nje hata kete za bao sikuzisikia.

Nilipotoka walikuwa wote wananitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba kazi nimepewa palepale. Vigelegele! Kisha kila mtu akakimbilia sanduku.

Asante kwa kuniruhusu kuja huku, Baba. Mwezi ujao tunahamia ile isiyo na kikomo, nitalipia mwenyewe. Msalimie Mama, Bibi, Masanja, na mwalimu wangu wa Kiswahili ukimwona gulioni. Shangazi anakusalimu.

Aliniuliza kama sasa tubadilishe neno la siri. Nimekataa. Kila anayefika barazani, kabla hajakaa vizuri, anaandika jina la kwetu, nami nikiona hivyo sijisikii mgeni.

Ni mimi binti yako,
Kabula